Hamsta Wawili na Msingi wa Justa

Justa aliolewa hapa Nyahanga, mke wa pili wa Ngassa, mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu, na aliahidiwa nyumba yake. Kwa Wasukuma hilo halina mjadala: kila mke na nyumba yake, na jiko lake. Ngassa akajenga msingi, akanunua mbao za mlango, kisha akasema avumilie kidogo. Kidogo hicho kimefika miaka mitatu. Majani yameota ndani ya msingi, na Justa bado anapika kwenye jiko la Sesilia, mke mkubwa, ambaye humpimia hata chumvi ya mboga.

Mwaka huu Ngassa alirudi kutoka Mwanza na hamsta wawili wa bintiye, Evelina. Mimi niliona panya waliokosa mkia, lakini mwenye hela hununua anachotaka. Akawaweka kwenye kizimba kimoja.

"Watenganishe, Baba Evelina," Justa alimwambia. "Hao wanaviziana."

"Ni ndugu hao. Watazoeana."

Siku ya nne mmoja alikutwa sikio limechanika, amejibanza kwenye kona, hali chochote. Evelina alilia mpaka akapaliwa. Ngassa, ambaye kwa mtoto huyo hana ujanja, akampigia simu muuzaji, akaambiwa wanyama hao wakishakua kila mmoja hukaa peke yake. Mchana huohuo akashika msumeno. Kizimba cha pili kilipendeza, kina mlango wa bawaba na kidirisha.

"Sasa kila mmoja ana kwake," akatangaza. "Amani imepatikana."

Justa alikuwa anaangalia mbao. Zilikuwa za mlango wake.

Aligeuka akaenda zake, na mimi jirani yake ninayeujua ulimi wake niliingiwa na hofu. Kesho yake alifyeka majani ndani ya msingi, akapanga mafiga, akabandika sufuria ya ugali juani. Ngassa alipokuja kula akapigwa na butwaa.

"Justa, ndiyo nini hii?"

"Nimehamia kwangu. Si ulisema hiyo ndiyo amani?"

Majirani tulicheka. Ngassa aliona aibu, na alistahili.

Kisha Sesilia akatoka na kibakuli kitupu. Matofali ya msingi yalimfika magotini tu, angeweza kupita popote. Alizunguka mpaka palipoachwa nafasi ya mlango, akasimama.

"Hodi," alisema. "Naomba chumvi, mwenzangu."