Kioo cha Kaka na Manifoldi za Mjomba

Kaka yangu ni fundi wa magari, na wateja wanamwita Kioo. Si kwa ajili ya urembo, maana sura yake anaijua mwenyewe. Ana kipande cha kioo kinene kilichotoka kwenye meza ya zamani, na hicho ndicho kipimo chake. Chuma chochote chenye uso bapa hulazwa juu ya kioo kabla hakijafungwa kwenye injini, kisha kaka humulika tochi kutoka upande wa pili. Mwanga ukipenya chini yake, chuma kimepinda na hakifungwi, hata mteja apige magoti. Mimi ninatunza vifaa palepale gereji, na nimemwona akirudisha spea za watu wazito bila kupepesa macho.

Siku moja tu hakukitumia kioo, na siku hiyo mteja alikuwa Mjomba.

Mjomba ndiye aliyetulea baada ya baba kufariki. Maisha yake yote amewahamishia watu makabati na vitanda kwa pikapu yake. Sasa manifoldi zake mbili, yale mabomba ya chuma yanayopokea moshi wa injini na kuupeleka kwenye ekzosi, zilikuwa zimepasuka. Akaja na mpya ndani ya boksi, si za waliotengeneza gari bali za kuiga, akaziweka mezani kwa madaha mbele ya wateja wengine. Kaka akanyoosha mkono kukichukua kioo.

"Unataka kufanya nini?" Mjomba akauliza.

"Nazipima tu, Mjomba."

"Nimezichagua mwenyewe, kwa mikono hii. Leo na mimi unanipima?"

Watu wakacheka. Kaka naye akacheka, akaurudisha mkono. Ningependa kusema kwamba mimi ningezipima, lakini nisijitie ushujaa, na mimi nilinyamaza. Aliyekufundisha kufunga kamba za viatu humuumbui mbele za watu.

Wakati wa kufunga, boliti za pembeni zilikataa kukaa. Nilimwona kaka akikunja uso, akapaka gundi ya gasketi, ile ya kuziba mianya, nyingi kuliko kawaida yake, akakaza kwa nguvu zote. Mkono ulishamwambia, ila yeye hakutaka kusikia.

Mwezi haukuisha. Asubuhi, injini ikiwa baridi, pikapu ikawa inagonga ti-ti-ti, ikipata moto inanyamaza. Mjomba akasema kinachonyamaza chenyewe si ugonjwa. Halafu yeye mwenyewe akaanza kuumwa kichwa akiwa njiani. Mvua zilikuwa zimeanza, kwa hiyo aliendesha vioo vimefungwa. Siku moja barabara ikamzunguka, gari likaingia mtaroni na kabati la watu likiwa mgongoni. Alitoka na mchubuko kwenye paji la uso tu, na alipokaa kwenye hewa kichwa kikatulia, hata hospitali hakwenda.

Wanawe wakakaa kikao. "Baba, huo ni uzee," wakamwambia, wakachukua funguo. Akawapa bila ubishi, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu Mjomba hubishana hata na redio.

Wiki tatu baadaye pikapu ikaletwa gereji inyooshwe bampa, iuzwe. Kaka hakugusa bampa. Alifungua boneti, akazitoa zile manifoldi. Pale zilipoungana na injini palikuwa na masizi meusi. Akailaza ya kwanza juu ya kioo, akawasha tochi, na mwanga ukapita kwa upana ambao ningeweza kupenyeza kadi ya simu. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Zilitoka kwenye boksi zimepinda, joto likamalizia. Kisha tukaona kwamba mpira mmoja wa kuziba tundu la nyaya, kati ya injini na kiti cha dereva, haupo. Moshi ulikuwa na mlango wake.

Kaka akakaa kwenye tairi. "Si uzee. Mimi ndiye niliyemvutisha moshi."

"Tubadilishe kimya kimya," nikamwambia, na hadi leo naona haya kwa neno hilo. "Nani atajua?"

"Na yeye aendelee kujiona amekwisha?"

Mficha maradhi, kifo humfichua, na haya hata hayakuwa maradhi yetu. Mchana huohuo tukaenda kwa Mjomba, kioo kimefungwa kwenye blanketi. Tulimkuta kwenye kochi, mjukuu wake wa mwaka mmoja akimvuta suruali abebwe, naye akimpapasa kichwa tu. Kaka akaweka kioo mezani, akalaza manifoldi juu yake, akawasha tochi. "Moshi ulipita hapa, ukakufuata hadi kwenye kiti," akasema.

"Uliipima?" Mjomba akauliza.

"Sikuipima."

"Kwa nini?"

"Nilikustahi, Mjomba."

Mjomba akamgeukia mjukuu. "Wiki tatu sijambeba mtoto huyu," akasema. "Niliogopa nitaanguka naye." Akainama, akamnyanyua mjukuu, akamkumbatia, machozi yakimtoka wala asiyafiche. Kaka akaanza kuomba radhi, akakatizwa.

"Heshima yako ingenizika, mwanangu. Haya, ondoa kioo mezani, watu wanataka kula."

Funguo alirudishiwa siku ileile. Siku hizi akipita hapa gereji hupiga honi, husimama, hutuulizia watoto mmoja mmoja. Injini yake inanguruma safi. Manifoldi nyingine alifungiwa na fundi wa mtaa wa pili, mtu asiye ndugu yake, na boneti ya pikapu ile haijafunguliwa tena mbele ya kaka. Gari likiondoka kaka hulisikiliza mpaka lipotee, kisha hurudi kukifuta kioo, ingawa ni kisafi.