Huruhusiwi Kuingia Lulindi

Miaka ile kompyuta zilipoanza kufika Masasi, nilikwenda ofisi moja ya elimu kufuata barua ya uhamisho wa mwanangu. Fundi kijana, mgeni kutoka Moshi, alikuwa amefunga mashine kuu tatu za kutumiwa na ofisi nzima, akazipa majina ya mahali pa huku kwetu: Mkomaindo, Chiungutwa na Lulindi.

Karani, mama mtu mzima, aliandika jina lake na neno lake la siri. Akakitazama kioo cha kompyuta, akavua miwani, akaifuta, kisha akasoma kwa sauti, "Huruhusiwi kuingia Lulindi."

Orodha ya wanafunzi waliochaguliwa kwenda sekondari ilikuwa humo, na gari la kuipeleka Mtwara lilikuwa linaunguruma nje.

"Mwanangu," alimwambia fundi, "mimi nimezaliwa Lulindi. Wazazi wangu wamezikwa Lulindi. Wewe umekuja lini?"

Fundi alisimama. "Nisamehe, Mama. Kila mashine ina orodha yake ya watumiaji, na kwenye hii nilisahau kukuandika. Hata jina nitalibadilisha."

"Jina liache. Niandike mimi."

Akaandikwa, karatasi zikatoka, gari likaondoka nazo.

Yule kijana hakuwa na ubaya wowote. Aliwaandika aliowakumbuka, basi. Tangu siku hiyo, nikiambiwa mahali kwamba jina langu halimo, siulizi nimekosa nini. Nauliza orodha kaiandika nani.