Chumba Yangu na Tumaneno Tudogo twa Kingereza

Weye unanisikiliza, umeshaka kulala mu chumba yenye mutoto wako mwenyewe amechora musalaba ya makala chini, eti njo hapa lundi, Jumatatu, tutaanza kuchimba? Mi nililala. Siku mingi nililala juu yake, kitanda nilivuta nikaweka paka pale pale, njo asione alama yake. Usinicheke.

Huku kwetu Kasulo, mutaa ya bachimbaji, mali, yale mawe ya cobalt, iko chini ya nyumba. Bantu banachimba mu salon, banachimba mu jikoni, na mulango banafunga juu leta, serikali, inakataza. Nyumba yetu iko na byumba tatu. Mwana wangu alianza na shimo moja inje, mu lupango, kiwanja ya nyumba, halikutoa kitu, akalifunika na mbao na bashi, ile turubai. Kiisha akachimba salon. Kiisha chumba ya batoto. Mali ikatoka, ikaisha. Ilibakia chumba yangu. Mulemule njo nilizalia batoto sita, mulemule njo bwana yangu alikatia roho, mukono yake mu mukono yangu.

Mwana wangu si muntu mubaya, nisimusingizie. Alikuja na makala yake, akapiga magoti kama anaomba, akachora.

"Mama, unisamehe."

"Nikusamehe, na nilale wapi?"

"Tutaweka godoro mu jikoni."

"Mu jikoni nilale na masufuria, mwanangu? Na hii kifo changu nitakufia juu ya mbabula, jiko ya makala?"

Akasema kwa sauti kidogo: "Mama, batoto bakule nini?"

Njo akaweka sharti. Binti yake wa kwanza, mujukulu wangu, alikuwa anatafuta kazi ku mine moja, mugodi ya kampuni, ku njia ya Fungurume. Kazi ya kusimama na bendera na kuongoza bakamiyo, yale malori. Akipata, chumba yangu haitaguswa. Asipopata, lundi barre, chuma ya kuchimbia, inaingia mu sima ya sakafu.

Huyu mutoto alimaliza masomo, diplome iko mu valise, ile sanduku, lakini kazi yake ilikuwa kusukula mawe ku mayi, kuyaosha ku muto, mupaka kifua kikaanza kukohoa. Ile kazi ya bendera banakuuliza kwa kingereza juu bakubwa ba kule banasema kingereza. Mara ya kwanza alianguka, hakupita. Bakamwambia: utarudi mara moja tena, kiisha basi.

Nikamuuliza mujukulu, njo ye ananiitaka kaku, bibi yake: "Uliangukia wapi, mutoto wangu?"

"Kaku, balinionyesha foto. Kamiyo, shimo, na muntu anasimama nyuma. Eti niambie shofere afanye nini. Mi nikasema *truck, back, stop.* Tata mumoja pale akaniuliza: arudi namna gani? Asimame wapi? Mupaka wakati gani? Nikarudilia tu *back, stop.*"

Kijana mumoja anafundisha kingereza ku chapelle yetu, kanisa ndogo, siku ya posho, Jumamosi. Tulienda bote wawili, mi nilibeba bitumbula byangu bya kumupatia juu sikutaka aseme tumekuja mikono mitupu. Alimusikiliza, akala kitumbula, akasema: "Maneno makubwa unayo yote. Kamiyo unajua, njia unajua, shimo unajua. Tumaneno tudogo njo tunakuua."

Akaeleza, na mi mwenye nilifika paka kalasi ya pili, nilisikia vizuri kuliko mujukulu. Eti kuko tumaneno twa kusema kitu kinafanyika namna gani, sawa *slowly*, polepole. Kale kanasimama peke yake, hakangoji muntu. Kuko tumaneno sawa *behind*, nyuma: kale hakatembeaki bila kushika kitu, lazima *behind the wall*, nyuma ya kibambazi. Na kuko tumaneno sawa *until*, kale kanavuta habari ingine muzima, na muntu wake na kazi yake: *until I raise my hand*, mupaka niinue mukono. Na tumaneno tunashikamana tena: *just before*, mbele kidogo ya. *Even if*.

"*Even if* ni nini?" nikauliza.

"Hata kama, mama."

"Aa! Basi bazungu nabo banasemaka hata kama!" Nilifurahi sana, nikapiga mikono mu chapelle, bamama ba chorale, baimbaji, bakageuka. "Hata kama, shi tunasema kila siku. Hata kama hakuna bukari ya kula, tutalala!" Kijana alicheka. Mujukulu hakucheka.

Kufika mu nyumba nikamwambia: "Mi njo kamiyo. Unipe amri kwa kingereza. Kile umesema nitafanya, kile hukusema sitafanya." Basi nikavaa beseni ku kichwa, nikatembea kinyume mu lupango, na bajirani juu ya kibambazi: "Mama, kamiyo yako inabeba nini leo?" "Inabeba muzee!" najibu. "Utafika lini?" "Muulize shofere wangu!" Bakacheka mupaka machozi. Mi vilevile. Ndani ya roho nilikuwa nahesabu siku, paka zile zilibakia.

Siku ya tatu, mujukulu alikuwa amechoka. Alikuwa ametoka ku mayi asubui, kifua kinamukamata. Akasema *back*. Nikarudi. *Back, back.* Nikarudi. Hakusema polepole, hakusema mupaka wapi. Mi nilijua shimo iko nyuma yangu, usifikiri nilisahau; naishi na lile shimo miaka. Lakini nilijisemea: nikisimama mwenyewe, huyu mutoto hatajua ile siku kamiyo ya kweli itarudi juu ya muntu. Nikaendelea. Kisigino kikakanyaga bashi, mbao ikalia, ikashuka. Beseni ikaanguka. Nikaona ye anafungua mudomo na hakuna neno linatoka, hata la Kiswahili. Nikajitupa upande, nikaanguka na kiuno.

Mwana wangu, sawa bachimbaji bote, anaamini mwanamuke akikaribia shimo mali inakimbia; akatoka mbio. "Mama! Mwanamuke ku mudomo ya shimo! Mali itakimbia!"

"Mali gani, na lile shimo lilishakufa?"

"Itakimbia ile ya chumba yako!"

"Acha ikimbie! Ifike mupaka Likasi!"

Alichukua beseni, akaitupa. Akamwambia binti yake kingereza kiishe mu lupango yake, kesho arudi ku mayi, lundi atachimba. Na mutoto akakaa chini pale mu mavumbi, akalia na kikohozi pamoja. "Kaku, ningekuua. Mi siwezi. Wache tata achimbe." Mi nami nililia, na kiuno kinaniuma. Pale niliona kweli kila kitu kimeisha: chumba, kifua yake, na mi mwenyewe juu ya mbabula.

Sijui nguvu ilitoka wapi. Nilienda kuokota beseni, nikaiweka chini mbele ya shimo, hatua mbili, nikageuza mugongo.

"Kamiyo imewaka," nikasema. "Sema ao niingie ndani."

"Kaku, hapana."

"Niko narudi."

Na nikarudi, macho nilifunga. Nikasikia sauti yake inatoka muzima: *Move back slowly until I raise my hand. Stop just before the basin, even if the road is clear.* Ni kusema rudi polepole mupaka niinue mukono, simama mbele kidogo ya beseni, hata kama njia iko wazi. Nikaenda polepole. Nikafungua macho, nimuone mukono. Akainua. Nikasimama, kisigino changu kinagusa beseni kidogo tu. Mwana wangu alikuwa ku mulango, anaangalia. Alirudi ndani, na kutoka pale hakumukataza binti yake tena.

Siku ya vendredi, Ijumaa, mujukulu alienda kuulizwa. Akarudi, akasema balimuuliza mambo mingi, alijibu, hajui kama alijibu vizuri. Eti batapiga telefone. Samdi, siku ya posho, hakuna. Dimanshi, siku ya kusali, hakuna. Lundi asubui mwana wangu akaingia mu chumba na barre, akasukuma kitanda yangu ku kibambazi, na musalaba ya makala ikaonekana. Nilitoa foto ya bwana yangu ku musumari. Sikupata mahali pa kuiweka.

Njo mujukulu akaingia na mukeka yake. Akaitandika juu ya ile alama, akalala chali, telefone ku kifua. "Tata," akamwambia baba yake, "piga. Lakini utaanzia kwangu." Baba akasimama na barre juu, mi naona ni mwaka. Kiisha akaiweka ku pembe, akatoka inje, akakaa ku jiwe, kichwa mu mikono.

Leo ni siku ya tatu, barre ingali mu pembe, telefone haijalia. Usiku wa jana nilimuuliza kama hachoki kulala mu sima, na kile kifua. Akanishika mukono, akasema: "Kaku, bakinikamata ku kazi ao bakinikatala, mi nakuahidi: mu hii chumba utatoka siku ile Mungu atakuita mwenyewe, na mi njo nitakubeba."