Viini Vinane na Barua Moja

Ofisini kwetu Lodwar, hata kompyuta hugawiwa kwa cheo. Tulikuwa na seva moja ya Linux, yenye viini kumi na sita, yaani vichwa kumi na sita vya kupigia hesabu, na mimi fundi wake nikaunda ndani yake mashine pepe, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya ile moja, kila idara na yake. Siku ya kugawa viini tulikaa kikao, vikagawanywa kama nyama ya mbuzi: wakubwa kwanza. Mkurugenzi akapata vinne vya kusomea magazeti. Mashine ya mtihani ambao wanafunzi wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma waliufanya kwa mtandao ikapata viwili, shingo na kwato.

Mtihani ulipoanza, mashine ikawa inaganda. Saa ya mtihani peke yake haikuganda. Waliumia wengi, ila aliyeandika malalamiko alikuwa mmoja, mama Mkongomani aliyekuwa ameahidiwa kazi kambini akipata cheti cha kompyuta. Alikuwa amefeli, na kanuni ziliruhusu mtihani mara mbili tu.

Kikao kikakaa. "Hiyo kitu iko na njaa," mkurugenzi akasema. "Ongeza." Nikaongeza, vikawa vinne. Ikaganda. Kikao kingine, chai na mandazi, vikawa vinane. Ikaganda vilevile. Nikatazama kwenye seva, na vinane vilikuwepo vyote. Basi tukaamua kwa kauli moja kwamba mashine imeshiba na mzito ni yule mama. Akaandikiwa barua kwamba mtahiniwa ni mzito wa kutumia kompyuta, ajitahidi.

Siku ya nafasi yake ya mwisho nilitumwa Kakuma kusimamia mtihani. Nilimkuta ameshakaa, mikono mapajani.

"Mwalimu, na leo itakataa?"

Niliudhika, nisiwe mwongo. Nikamwambia mashine yake sasa ina viini vinane, mara mbili ya ile ya mkurugenzi.

"Wewe umeiona kwa ndani?"

Sikuwa nimeiona. Muda wote huo nilikuwa naichungulia kutoka kwenye seva tu, kama mtu anayehesabu mbuzi kwa kutazama ua. Ili anyamaze, nikaingia ndani kwa mtandao. Windows ya humo ilikuwa inaona viini viwili.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimeipangia prosesa nane, yaani chipu nane za kubebea viini, kila moja na kiini kimoja, na Windows ya aina ile haitambui zaidi ya prosesa mbili. Zile sita za nyongeza ilizipuuza tangu siku zilipoongezwa. Ilitaka prosesa moja yenye viini vinane. Nilikuwa nimeijenga mfano wa ofisi yetu: wakubwa wanane, kila mmoja na mtu wake mmoja wa kumtuma, na kazi inafanywa na wawili.

Dawa yake ilikuwa kubadilisha mstari mmoja wa mipangilio yake na kuizima mashine kidogo. Lakini kuzima mashine kulihitaji idhini ya mkurugenzi, naye alikuwa njiani kutoka Kitale, amekwama Kainuk kwenye kizuizi cha barabarani, simu haishiki. Zilibaki dakika kumi na tano mtihani uanze. Nikasema potelea mbali, nikaizima bila idhini, nikarekebisha, nikaiwasha. Ikaona vinane.

Mama akaandika bila kuinua kichwa. Alimaliza zikiwa zimebaki dakika ishirini, na mashine ikamwonyesha hapo hapo kwamba amefaulu. Nilijua kikao kijacho kitajipongeza kwa kuongeza viini, na kweli kilijipongeza.

Hakushangilia. Alifungua mkoba, akatoa ile barua, imekunjwa hadi imeanza kuchanika.

"Hii binti yangu aliisoma kwa sauti mbele ya majirani, akifikiri ni ya kazi," akasema. Akaweka kidole kwenye sahihi. "Mwalimu, huyu mtu nitampata wapi?"

"Umempata, mama," nikasema, na sikuweza kumtazama usoni.