Kanda ya Mdogo Wake

Jirani yangu, karani wa ghala la korosho hapa Nachingwea, huanika betri za radio kaseti juani, ungo mmoja na makopa ya muhogo, maana dukani zimeadimika. Kanda anayo moja tu: albamu ya kwanza ya bendi ya roki ya Ulaya, aliyoimba mdogo wake kabla ya kufia hukohuko. Ni muziki wa mbio, magitaa na vinanda vya umeme, lakini yeye huusikiliza ameinama kama yuko msibani, kidole kikisugua kasha la kanda. Jana betri zililegea, sauti ikaanza kujiburuta, ikawa nzito.

"Zima, shemeji, radio itakula kanda," mke wangu Felomena alimwambia.

Jirani akaifunika swichi kwa kiganja. "Mwache. Sasa ndiyo anaongea kama alivyokuwa akiongea nyumbani."