Mkwe Mwenye Filimbi

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwisho wa juma ni refa. Nilimkuta hivyohivyo, wala sikuona ubaya wowote. Asubuhi alikuwa akikimbia kwenye barabara ya kuelekea uwanja wa ndege, kule Ibadakuli, Shinyanga, tunakoishi, na mimi nikiwa bado kati ya kulala na kuamka nilisikia viatu vyake vikija kutoka mbali, taratibu, kama mtu anayetwanga kitu laini. Nikiikumbuka miaka yetu ya kwanza, hicho ndicho ninachokiona: mwanga mwembamba, majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, na mwanamume mrefu anayekuja huku vumbi limemfika magotini, kana kwamba miguu yake haigusi ardhi.

Shida ni kwamba mimi nilizaliwa Kharumwa, kule Geita.

Kharumwa watu wanalima, wanafuga, na wanaingia kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Na wote, mkulima na mchimbaji, Msukuma na aliyekuja juzi kutoka Kigoma au Singida, wana timu moja. Jezi zake ni za bluu, ingawa kwa kufuliwa sana zimebaki na rangi ya anga ya saa saba mchana. Baba yangu aliipenda timu hiyo kabla sijazaliwa. Hubeba kigoda chake mwenyewe hadi uwanjani, akakiweka usawa wa mstari wa katikati, na hakuna anayethubutu kukaa mahali pale hata baba akichelewa. Nyumbani kwetu nilikua nikiamini kwamba timu yetu haijawahi kufungwa. Ilikuwa inaonewa tu. Mara imeonewa na refa aliyetoka mjini, mara na refa aliyetoka ng'ambo ya ziwa, mara na mshika kibendera aliyekubali soda ya wageni kabla ya mechi. Baba aliyasimulia hayo jioni, polepole, tukitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, nami niliyapokea kama watoto wengine wanavyopokea hadithi za mazimwi.

"Marefa hawatupendi," alikuwa akisema. "Wakitutazama wanaona vumbi tu."

Jirani yetu mmoja, mchimbaji, naye aliongeza lake: "Hata mizani ya dhahabu inatupunja, mzee. Itakuwa filimbi?"

Halafu mimi nikaenda kuolewa na filimbi.

Siku mume wangu alipokuja kujitambulisha, baba alimuuliza kazi yake. Akasema mwalimu. Baba akaridhika. Kaka yangu, ambaye hajui kunyamaza, akasema, "Na ni refa pia." Ukumbi ukapoa. Baba akamtazama yule kijana tangu viatuni hadi utosini, kisha akacheka kicheko kirefu mpaka akashika mbavu. "Haya," akasema. "Angalau sasa na sisi tuna wetu."

Miaka ikapita, tukapata watoto, na mume wangu akachezesha mechi nyingi mbali na kwetu. Ndipo likaja kombe moja lililokutanisha timu za Geita na za Shinyanga. Timu yetu ilifika nusu fainali, ikapangiwa kucheza nyumbani Kharumwa dhidi ya timu kutoka Kahama, upande wa Shinyanga. Waandaaji wakahangaika kutafuta refa ambaye pande zote mbili zingemkubali. Mmoja wao akasema, "Si yupo yule mwalimu? Anaishi Shinyanga, ameoa Kharumwa. Mizani imekaa sawa." Wakaliona ni wazo zuri sana.

Mume wangu alipokea simu ile akiwa anapiga pasi shati lake la kufundishia. Alipomaliza kuongea alinigeukia.

"Nikikataa, watasema nimeogopa."

"Watasema."

"Na nikikubali?"

Pasi ilikuwa imesimama juu ya ubao, mvuke unapanda. Akakubali.

Mimi na watoto tulitangulia, yeye akaja siku yenyewe na waamuzi wenzake. Mama alikuwa amechinja jogoo, kwa sababu mkwe akishamaliza kazi yake lazima ale kwetu. Nilipopita sokoni kununua nyanya, wanawake wa pale walinipokea kwa vigelegele.

"Shemeji leo atatubeba!"

"Atubebe mgongoni kama mtoto!"

Nikacheka nao. Kusema kweli hata mimi, mahali fulani ndani kabisa, nilikuwa nimeanza kuona jezi za bluu zikiwa fainali.

Mechi ile siikumbuki kama jambo lililotokea. Naikumbuka kama kitu nilichokitazama kupitia maji. Kulikuwa na wingu jembamba, na jua nyuma yake lilikuwa jeupe kama sahani. Vumbi lilipanda na halikushuka. Wachezaji walikuwa wakitoka ndani ya vumbi na kurudi ndani yake, na katikati yao mume wangu, mwenye nguo nyeusi, akikimbia kwa ule mwendo wake ninaoujua. Nilikaa kwenye mkeka karibu na kigoda cha baba. Baba alikuwa ameshika fimbo yake ya kuchungia kwa mikono miwili.

Kipindi cha kwanza tulifunga bao, watu wakaruka, kisha wakaona kibendera kiko juu. Mshambuliaji wetu alikuwa ameotea. Mume wangu akaonyesha mkono, bao likafutika. Watu wakanung'unika, lakini kwa adabu; bado alikuwa shemeji yao.

Kipindi cha pili, karibu na mwisho, mpira ulipigwa juu ukashuka ndani ya boksi letu. Beki wetu, kijana wa jirani yule mchimbaji, akaruka. Niliona mpira, niliona mkono, niliona vumbi. Kisha nikasikia filimbi, moja, ndefu, na mume wangu akaelekeza kidole kwenye nukta ya penalti.

Sauti ikaja kama mvua inavyokuja juu ya mabati.

"Umenunuliwa!"

"Ndiyo shemeji huyu?"

"Refa, tulikupa binti yetu!"

Hapo watu wakageuka kunitazama. Mwanamke aliyekuwa amekaa nami mkeka mmoja, ambaye tulisoma naye, alivuta kanga yake taratibu na kusogea pembeni, si kwa hasira, bali kama mtu anayesogea kivulini. Watu wa Kahama wakapiga penalti, wakafunga. Baba aliinuka kabla mpira haujarudishwa kati. Akachukua kigoda chake, akaondoka. Sikuwahi kumwona baba akitoka uwanjani kabla ya mwisho. Nilimwangalia mpaka mgongo wake ukamezwa na lile vumbi, nikaendelea kuangalia pale alipokuwa.

Jioni mume wangu alikuja nyumbani, kama desturi inavyotaka. Askari wawili walimsindikiza hadi njia panda, akamalizia kwa miguu. Aliingia uani akaamkia, "Shikamoo baba." Baba alikuwa amesimama karibu na zizi. Akaitikia "Marahaba" akiwatazama ng'ombe, kisha akafungua zizi akaingia kati yao, akakaa humo mpaka chakula kikapoa. Mume wangu alikula na kaka yangu, paja la yule jogoo na ugali kidogo. Nilipomletea maji ya kunawa aliniambia kwa sauti ya chini, "Mkono ulikuwa umetoka mwilini."

"Sijakuuliza," nikamwambia.

"Najua. Nakuambia tu."

Tangu siku hiyo baba hakumwita tena mkwe. Akipiga simu aliuliza hali yangu, hali ya wajukuu, mvua kama imenyesha, mpunga umefikia wapi. Akifika kwa mume wangu alisema, "Na yule mwenye filimbi, anapumua?" Namwambia anapumua. "Haya, mayu," anasema. Ndivyo anavyoniita tangu utotoni, yaani mama, kwa Kisukuma. Kisha anakata simu.

Ikatokea kuwa kuna mtu alikuwa amerekodi mechi kwa simu. Video ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Kharumwa, ikafika hadi kwetu. Tuliitazama mara nyingi, mume wangu na mimi, vichwa vimegusana. Mpira unapanda, unashuka, beki anaruka, na wakati uleule mwanamke mmoja mwenye kitenge cha njano anainuka mbele ya kamera na kuziba kila kitu. Akikaa, filimbi imeshalia. Alikuwa shangazi yangu. Kila aliyeitazama video ile aliona nyuma ya kitenge cha shangazi kile alichokuwa akikijua tayari. Kule nyumbani mkono wa beki ulizidi kushuka, hadi mwisho mpira ukawa umempiga kifuani. Huku kwetu, miongoni mwa marefa wenzake waliokuja kumpa pole, mkono ulizidi kupanda, ukawa kama mtu anayechuma embe. Mimi nilibaki na mkono wangu mwenyewe, ule wa kwenye vumbi, na kadiri siku zilivyopita nao ulianza kuyeyuka.

Mwaka uliofuata baba alishikwa na maumivu ya mgongo. Akaandikiwa kwenda hospitali mjini Shinyanga, na kwa kuwa alipaswa kurudi kwa daktari mara kadhaa, ilibidi akae kwetu. Alikuja na kaka yangu na debe la michembe. Mume wangu alimpa chumba chenye kitanda kizuri. Wakaishi nyumba moja kama watu wanaopishana ndotoni. Mmoja akiingia sebuleni mwingine anakumbuka kitu nje. Wakilazimika kukaa pamoja, baba aliongea naye kupitia kwangu.

"Mayu, mwambie mwenzako chai hii ni nzuri."

"Amesikia, baba. Yuko hapo."

"Mwambie tu."

Jumapili moja mume wangu alikuwa anachezesha mechi kwenye uwanja wa mjini, timu mbili ambazo baba hajawahi kuzisikia. Mgongo ulikuwa umeanza kupoa. Asubuhi nilimkuta baba ameketi barazani, amevaa koti.

"Twende mpirani," akasema.

"Utaweza kukaa, baba?"

"Nimekaa juu ya kigoda maisha yangu yote."

Tukaenda. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na majani ya uwanja yalikuwa yanang'aa, hewa nyepesi, sauti zinasafiri mbali. Mwanzoni baba alihangaika. Alitafuta timu ya kushabikia akaikosa. Akajaribu wekundu, akaacha. Akajaribu wenye michirizi, akaacha. Baadaye akatulia, na nilipomtazama nikaona macho yake hayafuati mpira kabisa. Yalikuwa yanamfuata mume wangu. Yakaenda naye hadi golini, yakarudi naye hadi golini kwingine, bila kupumzika, kama anavyomfuata ndama mgeni zizini.

"Kumbe anakimbia sana," akasema baada ya muda mrefu.

"Anakimbia, baba."

"Hawa wengine wakichoka wanasimama. Yeye hasimami."

Nyuma yetu walikaa vijana wa timu mojawapo. Mume wangu alipoacha mchezo uendelee baada ya mchezaji wao kuanguka, mmoja akasimama akapaza sauti, "Refa kipofu! Mwizi wewe!" Baba akageuka polepole, kwa sababu ya mgongo, mwili mzima.

"Kijana, unamtukana mkwe wangu."

Yule kijana akashtuka. "Shikamoo mzee. Samahani. Lakini mzee, ile si faulo?"

"Marahaba. Faulo ilikuwepo," baba akasema. "Hata mimi nimeiona. Lakini usimtukane."

Kijana akakaa. Mimi niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba, maana kicheko na machozi vilikuwa vimenijia kwa njia moja.

Tulifika nyumbani kabla ya mume wangu. Alipoingia, soksi zimejaa matope, alitaka kupita moja kwa moja hadi bafuni kama alivyozoea siku zile. Baba akamwita. Si kupitia kwangu.

"Mkwe. Pole kwa kukimbia."

Mume wangu akasimama mlangoni. "Ahsante, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa kwanza."

Akakaa na matope yake. Nikawamiminia chai. Baba akapuliza kikombe, akanywa, akakiweka chini.

"Lakini ile ya Kharumwa haikuwa penalti."

"Niliiona, baba."

"Na mimi niliiona."

Wakanywa chai. Nje watoto walikuwa wanafukuzana kwenye madimbwi.

Baba alipopona akarudi kwao. Msimu ulipoanza, mume wangu aliwaambia waandaaji wasimpangie tena mechi ya Kharumwa, wakakubali. Wakapeleka refa mwingine, mgeni kabisa, asiye na mke huko wala shamba. Timu yetu ikafungwa mawili. Jioni ileile simu ikaita, na baba hakuuliza habari za mvua.

"Mpe simu mkwe."

Mume wangu alitoka nayo uani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa napepeta mchele, nikasikia sauti ya baba ikivuma ndani ya simu, ndefu, yenye uchungu, ikieleza kibendera, ikieleza kona iliyonyimwa, ikieleza refa asiyekimbia. Mume wangu alikuwa akiitikia, "Ndiyo, baba. Eee. Mshambuliaji alikuwa amesimama wapi, baba? Mpira ulipopigwa, sio ulipofika." Akasikiliza. Halafu akasema, "Basi hapo, baba, kwa unavyonieleza, mlionewa."

"Mwakani uje wewe," nikamsikia baba akisema. "Huyu hatujui hata kwake ni wapi."

Nikaendelea kupepeta. Makapi yalikuwa yanapaa taratibu kwenye mwanga wa jioni, na wale wawili walikuwa bado wanaongea.