Kura Tisa za Mwethya

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu Syokimau, miguu juu ya stuli, nikitazama shindano la uimbaji kwenye runinga na binti yangu. Mimi sijui kutazama kimya, muulize mume wangu. Mshiriki wa kwanza nikamwambia hajui kupumua. Wa pili nikasema nguo ndiyo inayomwimbia. Wa tatu nikamtuma arudi kwao akalee sauti miaka miwili kwanza. Binti yangu alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akaninyooshea simu: "Mum, si wewe ndiye unajua? Pigia unayemtaka kura." Nikaishika, nikaona mahali pa kubonyeza, kidole kikakataa. Nikamrudishia nikasema nimeweka ugali jikoni. Ugali tulikuwa tumeshakula.

Basi kaa nikwambie, maana nimelibeba jambo hili tangu nikiwa darasa la sita, na nimechoka nalo.

Nililelewa na nyanya yangu, susu, kwenye vilima vya juu ya Kangundo. Kahawa ikichanua kule, harufu yake inakuingia mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Asubuhi nilichota maji, jioni nilichambua maharagwe ya kuchanganya na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na katikati ya hayo yote susu alikuwa akiimba. Alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani. Hakujua noti za kuandikwa, lakini ukikosea sauti alikuwa anageuza kichwa pole pole mpaka akuone, na hapo unatamani ardhi ipasuke. Mimi alinifunza kusikia kabla hajanifunza kuimba. Tukiosha vyombo alinitajia sauti ya kila sufuria.

Susu pia ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mwethya wa akina mama. Kama hukukulia Ukambani, mwethya ni hivi: leo tunalima kwako sote, kesho kwangu, keshokutwa kwa yule. Unakuja na jembe lako, lakini siku hiyo jembe si lako tena, ni la mwethya. Linalima lilipoambiwa. Mtu wa kulima kwake siku ya mwenzake hakuwako. Angekuwako, nani angesimama kwenye shamba lake tena?

Mwaka huo binti wa jirani yetu, dada mmoja aliyekuwa mwanakwaya wa susu tangu utotoni, akaingia kwenye shindano la runinga huko Nairobi. Aiya! Kijiji kilipata wazimu. Alipewa nambari tatu, na watoto wakachora tatu kwenye kila ukuta wa choo. Mama yake ndiye aliyekuwa na runinga, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, kwa hiyo kila Jumamosi jioni tulijazana kwake, wengine kwenye makochi, sisi wadogo sakafuni, chai ya maziwa ikizunguka.

Na maoni! Laiti wale majaji wa runinga wangetusikia. Nambari moja alivaa miwani myeusi ndani ya nyumba, susu akauliza kama anaumwa macho. Nambari tano alilia kabla ya kuimba, akalia akiimba, akalia akimaliza. "Huyu apelekwe kwa mama yake," susu akasema, "halafu aoge." Nambari nne alipiga kelele kama anaita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Tulicheka tukamwaga chai. Lakini ikifika zamu ya nambari tatu, chumba kizima kilinyamaza, na akimaliza tulipiga makofi na vigelegele, na hakuna aliyetoa maoni. Ungesema nini? Mama yake amekaa pale, ameshika ncha ya leso kwa meno.

Ukweli ulisemwa njiani tukirudi nyumbani, mimi na susu peke yetu. "Akiogopa, sauti inapanda inamwacha," susu alisema. "Na mwisho wa maneno anaumeza. Nimemwambia tangu akiwa mdogo kama wewe." Mimi nikauliza, nani basi? Akasema: "Yule kijana wa nambari saba. Yule ni mwimbaji. Wengine wote hawa wanajaribu."

Sikulala vizuri. Wewe fikiria, mtoto ambaye maisha yake yote ameambiwa kusikia ni kazi ya Mungu, halafu anaona watu wazima wakimpigia makofi mtu aliyetoka nje ya sauti. Niliona tunadanganya. Nilikuwa mtoto wa kimbelembele, nakubali, na nilikuwa na hasira. Nambari saba alikuwa mnyamavu, anasimama tu, anafungua mdomo, na nywele za mikono yangu zinasimama. Na kwao, wapi huko, pengine hakukuwa na mwethya.

Zikabaki wiki mbili shindano liishe. Washiriki waliimba Jumamosi, watu wakapiga kura kwa ujumbe wa simu mpaka Jumapili saa tisa, na jioni yake mmoja angetolewa. Jumapili hiyo baada ya ibada, akina mama walikutana uani kwetu. "Kidole kimoja hakivunji chawa," susu akawaambia. "Kura za wiki hii ni za mwethya. Leteni simu." Wakaleta. Simu tisa mezani, pamoja na ya susu, zile ndogo za tochi, mulika mwizi. Moja ilikuwa imefungwa kwa mpira, nyingine inanuka vitunguu. Mama mmoja tu hakuleta, mama wa maziwa, jirani aliyetuuzia maziwa, akasema yake haina chaji. Watu waliangaliana, kwa sababu mbuzi wake walikuwa wamekula kunde za mama wa nambari tatu mwezi uliopita, na kesi hiyo haikuwa imeisha.

Wengi wao hawakujua kuandika ujumbe. Wakaniita mimi. "Hii yangu iko na kredo, tuma mpaka iishe," mmoja akasema. "Tatu, umesikia? Tatu!" Susu naye akaweka yake mbele yangu. "Bonyeza tatu," akasema, akaenda kuwapakulia wageni.

Nikabaki na simu tisa na kidole changu.

Nilibonyeza saba.

Ya kwanza niliangalia nyuma kwanza. Ya pili sikuangalia. Nilituma na kutuma, simu baada ya simu, nikiwa na raha ya mtu anayenyoosha kitanda kilichokunjamana. Kisha ile ya vitunguu ikalia, nikaona: "Asante kwa kumpigia kura mshiriki nambari saba." Sikuwa nimejua kwamba simu zinajibu! Zikaanza kulia nyingine, moja huku, moja kule, na mimi nafuta kama mwendawazimu, na akina mama wanakuja na sahani mikononi wakiuliza zimeenda? Zimeenda, mama. Nimetuma zote. Nilifuta majibu ya simu nane. Ya susu haikuwa imelia hata mara moja. Akaichukua, akaifunga kwenye ncha ya leso, akaniambia asante.

Jioni, sebule ya jirani ilikuwa imejaa mpaka dirishani. Mtangazaji alivuta maneno kama anavyofanya mtu mbaya. Wakabaki wawili wamesimama, nambari tatu na yule wa kulia lia. Mama yake nambari tatu alikuwa amepiga magoti mbele ya runinga yake mwenyewe. Mtangazaji akasema tofauti ilikuwa kura kidogo sana, kidogo mno, akataja jina, na lilikuwa la kwetu.

Mama yule hakulia. Alisimama, akazima runinga, akaifunika kitambaa chake. "Kura kidogo," akasema. "Kuna mtu hapa hakupiga." Na macho yote yakamtafuta mama wa maziwa.

Utaniambia shindano la nchi nzima haliamuliwi na simu tisa za Kangundo. Ninajua. Nimejiambia hivyo miaka yote hii, na haijanisaidia hata siku moja.

Katikati ya wiki yule dada akarudi na sanduku lake, na Jumamosi mwethya ulikuwa kwa mama yake. Tulikuwa tunatayarisha mashamba kabla ya mvua za vuli. Mimi nilibeba uji. Mama wa maziwa alifika na jembe begani kama kawaida, na mama wa nambari tatu akamsimamisha kwenye mpaka wa shamba.

"Wewe rudi nyumbani. Jembe lako halina kazi hapa."

"Kwani nimefanya nini?"

"Unajua vile ulifanya."

"Haki ya Mungu simu ilikuwa haina chaji! Ni kinyongo cha mbuzi tu mnaniwekea, si kura. Mnifukuze mwethya kwa sababu ya simu? Na shamba langu nitalima na nani, na mume wangu hawezi kuinuka?"

Mume wake alikuwa amelala mwaka mzima kwa ugonjwa wa mgongo. Bila mwethya, yule mama asingepanda kitu. Akina mama wakaangalia majembe yao. Susu peke yake hakuangalia jembe. Aliniangalia mimi. Aligeuza kichwa pole pole, vilevile alivyofanya mtu akikosea kanisani, akanitazama, na hapo nikajua kwamba simu yake nayo ilikuwa imelia.

Nilikuwa na sufuria ya uji mikononi, inaunguza, na sikuiweka chini. Ningeweza kusema. Nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

Susu akafungua ncha ya leso, akatoa simu, akampa yule dada mwenyewe. "Wewe unajua kusoma haraka. Soma ujumbe wa Jumapili."

Yule dada akasoma kwa sauti. Asante kwa kumpigia kura mshiriki nambari saba. Akausoma mara ya pili, kimya, midomo ikitembea tu. Kisha akasema, na sauti yake haikupanda wala hakumeza mwisho wa neno lolote: "Susu, si wewe ulinifundisha kuimba?"

"Ni mimi," susu akasema.

"Na ukanipigia huyu?"

"Kura ya simu hii ndiyo hiyo. Huyu mama wa maziwa mwacheni alime."

Mimi nilikuwa kidole tu, wakaona aliyeniamuru ni yeye. Hawakupiga kelele. Ningependa wangepiga. Mama wa nambari tatu alisema tu kwamba mwethya utatafuta mwenyekiti mwingine, na kwamba jembe la susu pia halina kazi pale. Mama wa maziwa akapita mbele yetu, akaingia kwenye mstari, akaanza kulima bila kutuangalia. Nyuma yetu majembe yakaanza kupiga ardhi kwa pamoja, lakini hakuna aliyeanzisha wimbo, kwa sababu mwanzishaji alikuwa ni susu.

Njiani nilingoja kichapo. Nilikitaka, hata. Susu alitembea mbele, jembe begani, mpaka tukafika kwenye mti wa mparachichi wa mpaka wetu. Akasimama bila kugeuka.

"Nilikuwa nakungoja," akasema.

Hayo tu. Hakulitaja tena mpaka anakufa.

Msimu huo hakuna aliyekuja kulima kwetu, wala mama wa maziwa. Nilidhani yeye angekuja. Tulilima wawili, susu na mimi, kabla ya shule na baada ya shule, na mvua ikatukuta nusu ya shamba haijaguswa. Nusu hiyo iliota magugu marefu kuliko mimi. Tulikula muthokoi mwembamba mwaka huo, na susu akaacha kunitajia sauti za sufuria. Kwaya pia ikapata mwalimu mwingine. Alikuwa na kinanda cha betri na masikio ya mbao. Jumapili susu aliketi nyuma, kwaya ikitoka nje ya sauti kichwa chake kikaanza kugeuka, kisha kikarudi mbele.

Alipozikwa, yule dada alikuja akaimba kaburini. Aliimba vizuri mno. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake, mtu mzima, nina kazi na mume, na nikamshika mkono nikamwambia asante, na sikusema.

Siku hizi ukienda kule mwethya ni kundi la simu tu. Watu wanatuma maua na mikono ya kuomba, na trekta ya kukodi inalima kwa dakika ishirini bila wimbo. Kila nyumba ina runinga yake na kila mtu anasema maoni yake peke yake kochini, kama mimi. Uani kwetu hakuna meza. Mama wa maziwa alishafariki. Sebule ile ya kitambaa cha kufuma ni duka la mbolea.

Lakini mama wa nambari tatu bado yuko hai. Amezeeka, anaishi na binti yake, yule dada mwenyewe, na nimesikia anasomewa naye magazeti na vitabu kila jioni, na kwamba hadi leo likitajwa jina la susu anasema, yule mama alimsaliti mwanangu. Basi dada, ukifika hapa, msomee polepole. Zile simu tisa zote nilizibonyeza mimi. Susu aliniambia tatu.